Nyumba ya Najima

Asalamu alaikum, ndugu zangu. Ashukuriwe Mola aliyetupa paa la kukaa chini yake leo hapa Mutsamudu! Mmeniomba niseme alivyonitoa kwenye dhiki ya nyumba, nami nitasema kama ilivyokuwa.

Mnajua kwetu baba humjengea kila binti nyumba yake. Mimi ni kitinda mimba. Baba alifariki nyumba yangu ikiwa msingi tu, na kuku wa jirani wakataga humo. Basi nikamfuata mume wangu Moroni, ng'ambo kisiwani Ngazidja, alikokuwa karani, tukapanga.

Nyumba tuliyopanga ilijengwa kwa ajili ya binti wa mwenye nyumba. Hilo halikututia hofu. Harusi kubwa ya Ngazidja, na dhahabu yake na ng'ombe wake, ilikuwa ikiandaliwa miaka na miaka, na mpangaji alilala usingizi mnono. Kisha ukaja uhuru, na baada yake mapinduzi. Harusi kubwa zikapigwa marufuku. Watu wakafurahi, na mimi nikapiga vigelegele. Sikujua najipigia mwenyewe! Harusi ikawa jambo la siku chache, na mwenye nyumba, mzee mpole kabisa, akaja kutuambia binti yake anaolewa na nyumba anaihitaji.

Wakati huo ofisi ya mume wangu ilikuwa imefungwa, na mimi nilikuwa na mimba ya miezi ya mwisho. Nilichokitaka ni kimoja tu: mtoto asizaliwe kibarazani kwa watu.

Nikaanza kuzunguka. Vijana wa kamati ya mtaa walinipokea vizuri, wakasema nisubiri, maana hata wao hawakuwa na pa kukutania. Wazee wa msikitini waliniombea dua. Watu wa Mutsamudu waliokuwa Moroni walinipa ndizi. Kila mwanaume niliyemwomba nyumba alitazama chini. Nilidhani wana roho ngumu, nikawachukia wote.

Ndugu zangu, jirani yangu Koko Echa, bibi kizee wa pale, ndiye aliyenifumbua macho. Alinikuta nikifunga vyombo, akacheka mpaka akakaa.

"Mwanangu, unaomba nyumba kwa wanaume? Wanaume wa hapa wenyewe wanalala kwa wake zao! Na kwenye mchele wa bibi arusi mbona hatukukuona?"

Kweli sikwenda. Wanawake wa mtaa walikuwa wakipepeta mchele wa harusi, nami ningempepetea vipi mchele anayenitoa nyumbani? Koko Echa hakutaka kusikia. Alinishika mkono, akanipeleka, akanipa ungo. Nikapepeta huku machozi yakidondokea mchele. Bibi arusi mwenyewe aliniona, akaja akakaa karibu yangu, naye akalia.

Basi Koko Echa akasema kwa sauti, "Huyu mgeni wetu hana mama hapa. Nani atakuwa mama yake?"

Kisha mwanamke mmoja kutoka Vouvouni, kijiji cha karibu, akasema, "Ninayo nyumba ya mjukuu wangu Najima. Haina mlango bado. Kaeni mpaka atakapoolewa."

Nikauliza Najima yuko wapi. Akageuka, akanionyesha mgongo wake. Najima alikuwa amelala kwenye kanga, anatokwa na mate!

Alhamdulillahi! Mwanangu alizaliwa nyumbani mwa Najima. Mume wangu alitia mlango, baadaye akapata kazi, na pole pole tukaanza kunyanyua kuta juu ya ule msingi wangu huku Mutsamudu. Najima akakua. Kila alipopita kwenda chuoni kusoma Kurani nilimwombea afya na umri mrefu na, Mungu anisamehe, mchumba wa kuchelewa.

Ndugu zangu, ukikosa pa kukaa, usijifungie na aibu yako. Mtegemee Mungu, kisha nenda kwa wanawake wenzako wanakopepeta mchele, ushike ungo, useme. Mola ana milango mingi, na mingi iko uani.

Mchumba alikuja kwa wakati wake. Mimi ndimi niliyempepetea Najima mchele wa harusi, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kisha nikamkabidhi ufunguo, nikapanda chombo kurudi kwangu.