Mama Kioo, Mcheri na Bata wa Bosi

Leo Ijumaa, tarehe 28, saa kumi jioni, Mama Kioo anavua aproni yake baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya samani, na kesho haivai tena. Aproni yenyewe imekunywa vanishi mpaka inaweza kusimama bila mtu ndani. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, ambaye karakana nzima inaniita Redio. Bosi alitaka aandike karani, kwa kuwa karani kasoma, na mimi shule niliiacha au iliniacha, tunalaumiana mpaka leo. Mama Kioo ndiye aliyekataa. Alisema karani ataandika vizuri sana na wageni watalala. Basi ndugu zangu, kaeni macho.

Alikuja hapa akiwa binti, akaajiriwa kufagia vumbi la mbao. Wiki ya pili tu, fundi vanishi wa enzi hizo akapata kidonda cha jicho, na meza ya mteja ilikuwa inasubiri. Binti akaweka ufagio pembeni, akachukua kitambaa bila kutumwa na mtu, akaipaka. Fundi aliporudi, jicho limefungwa bandeji, akainamia ile meza na kumwona mgonjwa mmoja anamtazama kutoka ndani. Akauliza ni nani huyu maskini. Jina la Kioo lilianzia hapo. La Mama lilikuja baadaye, na watoto watatu, na sasa wajukuu ambao kwa habari nilizonazo wanamwendesha kuliko Bosi alivyowahi kumwendesha.

Msidhani tunamuaga mtu mpole. Mfukoni mwake hukaa soksi moja ya nailoni, kuukuu, ambayo mwenzake hajulikani aliko. Ukimaliza kupiga msasa na kujisifu, yeye huja kimya, anapitisha ile soksi juu ya mbao yako. Ikiteleza, umepona. Ikinasa, unarudi na msasa wako kama mwanafunzi aliyefukuzwa kufuata mzazi. Mimi sijanaswa mara nyingi. Wanaosema vinginevyo wana wivu, na majina yao ninayo.

Ana kasoro pia, tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni mfupi, anafanya kazi amesimama juu ya kreti la soda, na kreti hilo ole wako ulikalie. Miwani yake huitafuta kutwa nzima ikiwa kichwani. Wimbo anaouimba akipaka vanishi ni ule ule mmoja, na katika miaka yote hii hajafika ubeti wa pili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana mikono inaniwasha.

Kazi kubwa ya Mama Kioo hapa ilikuwa kudanganya, na alilipwa kwa hilo. Mbao za bei ya chini zikija, zimepauka kama miguu isiyojua mafuta, yeye ndiye aliyezipaka rangi zikatoka zinaitwa mninga, mvule, mkangazi, kila jina la heshima. Mwenyewe husema amezivisha suti mbao nyingi ambazo nyumbani kwao hazikuwa na hata kaptula. Mume wake, fundi cherehani, hujua kazi ya siku kwa kunusa nguo zake akirudi: leo mmepika mkangazi, leo mmepika mvule. Kwa hiyo alipoulizwa anataka zawadi gani ya kustaafu, hakutaka saa ya ukutani wala seti ya vikombe. Alitaka kabati moja litoke mikononi mwake bila tone la rangi, mti uonekane kama ulivyo. Moja tu, kabla hajaondoka.

Mungu si Athumani. Mwezi uliopita akaja daktari wa meno na mbao zilizosafiri kutoka mbali, anataka kabati la droo saba kwa ajili ya mama yake anayehamia kwake. Mbao zilikuwa za mcheri, mti wa yale matunda madogo mekundu yanayokaa juu ya keki. Ukiupiga randa unatoka na rangi ya sikio la mtoto mchanga. Tatizo ni kwamba daktari aliwahi kuuona mcheri mahali ukiwa umekolea kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na wekundu huo ndio aliotaka, na aliutaka kufikia leo.

Bosi akasema rahisi, tutapaka. Mama Kioo akasema wekundu wa mcheri hauko dukani, umo ndani ya mbao, unaitwa na jua. Bosi akajibu kwamba jua halijawahi kuajiriwa hapa. Mama Kioo akachukua kipande kilichobaki, akakipaka rangi ya Bosi mbele ya macho yetu. Kikatoka madoadoa kama chui mwenye surua. Bosi akasema tutaongeza mkono wa pili. Mama Kioo: haraka haraka haina baraka. Bosi: ngoja ngoja huumiza matumbo. Walirushiana methali mpaka zikawaishia, wakaanza kutunga.

Mwisho Bosi akakubali kwa sharti moja. Kabati lianikwe uani. Ijumaa ya kuagana, saa sita mchana, likiwa halijaiva, rangi itapita, na ataipitisha yeye mwenyewe kwa brashi. Kopo la rangi akaliweka kwenye dirisha la ofisi, likawa linatutazama.

Tukajenga. Droo zote saba nilizipiga mimi. Narudia kwa walioko nyuma: mimi. Pembe zake nilizikata kwa mtindo wa mkia wa njiwa, zinashikana kama vidole vya wachumba, msumari hakuna. Hapa kwetu droo hupimwa hivi: unaifunga moja taratibu, na kama zote zimekaa sawasawa, hewa inakosa pa kutokea, inasukuma, na droo nyingine inatoka kidogo yenyewe kama mtu anayechungulia mgeni. Nilifunga ya juu, ya chini ikachungulia. Mama Kioo akasema, "Redio, leo umeongea kwa mikono." Katika kumjua kwangu kote hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata kwake, na naomba iingie kwenye kumbukumbu za karakana.

Kisha kabati likawa lake. Alilipangusa kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi za mbao zisimame, zilipokauka akazikata kwa msasa laini, akapitisha soksi. Ikateleza. Akapaka mafuta ya kitani, na hapo, wallahi, mti uliamka. Mistari yake ikaanza kutembea. Jioni ile mumewe alimnusa akauliza kama leo hakwenda kazini.

Kila asubuhi tulilitoa uani wanne, kila jioni tukaliingiza. Yeye alilizungusha mchana kutwa kama mama anayegeuza mtoto asiungue upande mmoja. Na lilikuwa linaiva! Taratibu, lakini linaiva. Tulikuwa tunashinda.

Jumatatu ya wiki hii Mama Kioo akaenda kufuatilia karatasi zake za pensheni, safari iliyokula siku mbili kama karatasi hizo zilivyo. Bosi akatokea uani, akalitazama kabati kwa jicho la chini, akavua kofia yake ili ajipangushe jasho, ile yenye mdomo mrefu mbele, akaiweka juu ya kabati na kutuhutubia kwamba jua hili halipaki kitu. Simu ikalia: lori la mbao limekwama njiani. Akaondoka mbio, kichwa wazi, akarudi Jumatano.

Mgeni atauliza kwa nini hatukuitoa ile kofia. Mgeni hajui kwetu. Kitu cha Bosi hakiguswi. Sheria hii ilianza siku mpiga randa wetu aliposogeza miwani ya Bosi kwa nia njema, Bosi akaikalia, na mpiga randa akaambiwa maneno ambayo mpaka leo hajamaliza kuyasikia. Kwa hiyo jioni tuliliingiza kabati na kofia yake juu. Asubuhi tukalitoa na kofia yake juu. Tena tulibeba kwa adabu, wa mbele akiwaonya wa nyuma wasiinamishe, mheshimiwa asianguke.

Jumatano mchana wakafika wote wawili kwa wakati mmoja. Bosi akanyakua kofia yake, na pale ilipokuwa akabaki bata. Kichwa cha bata, mviringo, mdomo mrefu umeelekea langoni, mweupe pee katikati ya wekundu. Mama Kioo akatazama, akakaa juu ya kreti lake, akacheka mpaka miwani ikamdondoka kutoka kichwani.

"Bosi," akasema, "miaka yote nabishana nawe, leo umenishindia kesi kwa kofia!"

Na kweli, jua lilikuwa limetia sahihi. Lakini kicheko kilikatika, maana Bosi hakucheka. Alikwenda dirishani akashusha kopo la rangi. Mteja hakuagiza bata, alisema, na hakuna dawa nyingine ila kufunika. Mama Kioo akasimama juu ya kreti ili wawe sawa kwa urefu, akamkumbusha kwa upole: saa sita, Ijumaa. Bosi akatazama saa yake kana kwamba nayo imemsaliti.

Tukafanya hivi. Mama Kioo akaleta karatasi ngumu ya kaki, akachora umbo la bata juu yake, nami nikalikata kwa wembe, bila kutoka nje ya mstari hata kidogo, ulizeni. Tukalifunika kabati zima, pakabaki dirisha moja lenye umbo la bata. Waliokwisha kuiva wapumzike, huyu mmoja ale jua peke yake mpaka awafikie.

Alhamisi wingu likatanda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tulimpandisha mlinzi juu ya tangi la maji, akawa anatangaza kama mpira wa redioni: jua linakuja upande wa lango, jua liko lango, jua limetoka lango! Nasi wanne chini tunakimbia na kabati. Kivuli cha ghorofa ya jirani kilipotufuata uani tulitoka nalo mpaka barabarani. Fundi viatu akahamisha meza yake kutupisha. Bibi mmoja akauliza tunahama kwenda wapi, Mama Kioo akamjibu tunakwenda linakokwenda jua. Jasho lilitutoka kama tunaoga. Nimefanya kazi hapa miaka sita na sijawahi kufurahi namna ile.

Leo asubuhi jua limetoka kali, halina mpinzani. Saa sita kasoro, Bosi akasimama uani, kopo la rangi mkono wa kulia, brashi mkono wa kushoto. Daktari wa meno naye huyo anaingia langoni, hakuitwa na mtu. Mama Kioo akashika ukingo wa karatasi. Nilisahau kupumua, na wanaonijua wanajua kwamba nilisahau hata kusema. Akavuta.

Bosi akavaa miwani. Akainama. Akazunguka upande wa pili akainama tena. "Bata yuko wapi?" akauliza.

Daktari akapitisha kiganja juu ya kabati, akauliza rangi hii nzuri tumeinunua duka gani. Bosi akakohoa. Mama Kioo akamwambia hakuna rangi. Kisha, bila kuulizwa na mtu, sisi tukimkonyeza mpaka kope zikauma, akamshika daktari mkono na kumweleza kila kitu: hapa ilikaa kofia, mdomo uliishia hapa, ukilaza kichwa sambamba na mbao utaona weupe mwembamba kama uzi, na mzigo ukitaka kuukataa, kataa. Ile kazi moja ya ukweli alitaka iwe kweli mpaka mwisho. Daktari akalaza kichwa. Akasema yeye kutwa nzima huchungulia vinywa vya watu akitafuta kasoro, na hii anaiona kwa kuwa ameonyeshwa, na mama yake analala chumba chenye dirisha la mashariki, basi uzi huo jua litaumaliza lenyewe. Kabati analichukua.

Mimi sikupiga kelele. Waliopiga kelele ni wengine, mimi nilikuwa sauti ya kwanza tu. Bosi akamkabidhi mlinzi kopo la rangi na kumwambia akapake lango.

Naandika haya saa nane, karani amesimama kwenye mashine ya kuchapa ananihimiza. Uani Mama Kioo anapitisha mkono wa mwisho wa vanishi nyepesi isiyo na rangi, anaimba ule ubeti wake. Soksi ameshaitundika kwenye msumari karibu na mlango. Hakusema ni ya nani. Kila mmoja wetu ameshaitazama na kujifanya hajaiona.

Mama Kioo, kwa niaba ya mafundi wote, na ya mbao zote ulizozitafutia suti, asante. Asante kwa kuturudisha na misasa yetu. Nenda kwa mzee wako, akunuse jioni na asikie harufu ya mti mtupu. Tunakuombea afya, wajukuu wenye masikio ya kusikia, na dirisha la mashariki.

Nanyi wageni, kabati liko hapo mbele, kabla daktari hajalipakia. Bata msimtafute, na Bosi, tafadhali, kofia ibaki kichwani. Ila kila mmoja akipita kumpa mama mkono, afunge droo ya juu, polepole. Ya chini itatoka yenyewe kumuaga.