Bwana Zima-Washa Anakabidhi Kipimo

Baada ya miaka thelathini na miwili katika kitengo cha ukaguzi wa masafa ya redio, mkaguzi wetu mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Faili la utumishi lina jina lake kamili. Kwenye korido anaitwa Bwana Zima-Washa.

Alianza kama fundi wa karakana. Mwaka wa sita akapewa kipimo cha mawimbi, funguo za gari na mtaa wake wa kwanza wenye ugomvi. Tangu hapo amefunga mafaili 1,140 ya malalamiko. Linalokumbukwa zaidi ni lile alilokosea.

Miaka kumi na minne iliyopita, wakazi wa mtaa mmoja walilalamika kwamba Wi-Fi inakatika na kengele za mlangoni zisizo na waya zinalia bila mgeni. Kidole kilimwelekea mwalimu mstaafu mwenye leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kujifurahisha na si ya biashara. Kwa antena ya juu ya paa, kila Jumamosi alizungumza na mdogo wake, baharia. Mkaguzi aliegesha nje ya geti, akapima akiwa garini huku mwalimu yuko hewani. Kelele za mawimbi zilijaa kwenye kipimo. Akatoa barua: siku saba, antena ishuke.

Siku ya sita gari lilikuwa gereji, akaenda kuhakiki kwa miguu. Mwalimu alikuwa hewani vilevile, lakini kipimo kilitulia tuli. Ndipo mkaguzi alipokumbuka chaja ya simu aliyoiacha imechomekwa garini siku ile, nayo chaja hutoa kelele za mawimbi. Alikuwa amepima kelele zake mwenyewe.

Aliomba arudishiwe barua yake, akaichana mbele ya mwalimu. Kwenye ripoti akaandika: "Chanzo cha kelele zilizopimwa: mkaguzi." Nakala ya ukurasa huo bado iko ukutani karakana.

Kengele, hata hivyo, ziliendelea kulia. Akapita nyumba kwa nyumba, akizima umeme wote na kuwasha kifaa kimoja kimoja. Chanzo kilikutwa sebuleni kwa mama aliyekuwa wa kwanza kusaini malalamiko: adapta ya taa za urembo. Ilipochomolewa, majirani wote wakapata utulivu.

"Kumbe adui namlisha umeme mwenyewe!" alisema mama huyo, akamwomba mkaguzi amfikishie mwalimu ombi lake la msamaha.

"Mama, na mimi nina la kwangu kule. Twende wote."

Tangu siku hiyo hakuna mkaguzi wa kitengo hiki anayepima akiwa garini, wala anayegusa swichi ya mtu kabla ya kuzima vya kwake. Sita kati yetu tulifundishwa naye, na hakuna aliyeliepuka somo hilo.

Asante, mkuu. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana na masafa matulivu. Tumesikia umeshapata leseni ya redio ya ridhaa, na antena iko juu ya paa lako. Majirani wakilalamika, tutafika. Kwa miguu.