Yusuph Kobelo na Mwanya wa Mwanvita

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia Mzinga hadi Kinole, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Yusuph Kobelo, fundi wa meno ya bandia, aliyefariki Jumanne na kuzikwa Jumatano hapa Morogoro. Narudia: fundi wa meno. Kwa miaka ishirini na sita alipima upana wa meno ya mbele ya watu wa mji huu, jino kwa jino, kwa bikari na rula, akaandika kwenye kadi.

Alipima masheikh, akapima mapadri. Kule Kinole papai la mtu liliibwa, likakutwa limeng'atwa na kutupwa. Mzee Yusuph akaliwekea bikari. "Milimita tisa," akasema, "na la kushoto limelalia la kulia. Mwiteni mwenyekiti." Papai hilo sikuliona. Mwenyekiti nilimwona, anahama na kitanda kichwani.

Na aliyekuja hana jino hata moja, wala kadi? Alimwambia, "Kamlete mjomba wako." Si baba. Mjomba, au mtoto wa dada yako. Ukoo wa Mluguru ni wa mama, na Mzee Yusuph aliamini meno nayo yanafuata huko huko. Watu walitoka pale na kicheko chao wenyewe.

Ikafika mwaka tisini na tatu. Biashara zimefunguliwa, meno yanakuja kwa maboksi kutoka nje, saizi tatu: ndogo, ya kati, kubwa. Kliniki aliyokuwa akifanyia kazi ikauzwa. Tajiri mpya akamwambia, "Mzee wangu, wewe unapima wiki nzima. Boksi linamaliza dakika tano." Akapunguzwa kazini. Kadi zake, kabati zima, zikachomwa nyuma ya jengo kupisha maboksi. Katika moto ule ilikuwemo kadi ya mkewe, Bi Mwanvita.

Shikeni hapo. Kadi ya Bi Mwanvita.

Mama huyu alikuwa na mwanya. "Mwanya ndio niliouposa," mzee alizoea kusema. "Mengine yalikuja kama nyongeza."

Miaka miwili baadaye Bi Mwanvita aliteleza akishuka Kinole na mkungu wa ndizi. Meno manne ya mbele yakaenda. Kliniki ikampa ya boksi, saizi ya kati, yamebanana kama ukuta. Anasimulia mwenyewe: "Nilijitazama kwenye kioo, nikataka kumkaribisha mgeni." Tangu hapo akawa anachekea ndani ya khanga.

Mzee Yusuph akaapa kumrudishia mwanya wake. Lakini ulikuwa milimita ngapi? Mbili? Mbili na nusu? Alikuwa ameuona kila siku, hakuona haja ya kuukariri. Alichonga seti tatu. Zote mkewe alizijaribu, akazitema. "Siyo, baba. Ulimi wangu unaujua."

Wajomba walishakufa wote. Alibaki Mwaisha, mtoto wa dada yake Bi Mwanvita, mwenye mwanya ule ule, anafanya kazi Dar es Salaam. Akaitwa. Akaja sikukuu ya Idi mwaka jana. Mzee alikuwa mlangoni, miwani usoni, bikari mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu cheka."

Mwaisha akacheka. Meno meupe, yameshikana, hapapiti hata uzi.

"Nimeuziba, baba mdogo. Kule ndiyo fasheni. Wewe fundi, hebu niambie, wamepatia?"

Mzee Yusuph akamsogelea, akapima taratibu, akasoma kwenye rula.

"Wamepatia," akasema.

Akaifunga bikari, akaitia mfukoni. Hakuitoa tena. Walioosha maiti ndio walioikuta kwenye koti.

Tunatoa pole kwa Bi Mwanvita, kwa Mwaisha, na kwa ukoo wote. Nilipokwenda matangani, mama alinipokea na pengo lake, wazi, bila khanga. Ya boksi ameyaacha kwenye kikombe. "Yeye ndiye aliyejua nilivyokuwa," aliniambia. "Sasa nimwigizie nani?"

Mungu amrehemu mzee wetu. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo mtu wako akicheka, acha unachofanya, umtazame sawasawa. Kadi zimeshachomwa.