Namba Sitini na Moja: Historia ya Kaka Yetu wa Maabara

Ndugu na marafiki mliofika kutusindikizia kaka yetu, mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na naomba mnivumilie, maana nimelia vya kutosha lakini hasira bado haijaniisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1959, akiwa wa kwanza kati ya watoto saba, katika nyumba yenye bafu moja na ndoo moja, ambako tangu akiwa na miaka minane alisimama mlangoni asubuhi kutupanga mstari wa kuoga, na hata mama akiwa na haraka ya kwenda kazini aliambiwa kwa heshima zote kwamba yeye ni wa nne.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1967 hadi 1973, sekondari hadi 1977, kisha chuo cha ufundi, na tarehe 2 Februari 1982 aliajiriwa karakana ya chuo kikuu kama fundi wa pampu, hadi mwaka 1986 ilipoletwa ile mashine iliyotunyang'anya ndugu, yaani kichapuzi cha ayoni, bomba refu kuliko basi, linalorusha chembe ndogo mno kwa kasi kupiga kipande cha udongo, rangi au maji yaliyokaushwa, ili ijulikane ndani yake mna nini. Wateja walitoka viwandani, hospitalini na mashambani, kila mmoja akipewa siku yake moja ya mashine, na marehemu ndiye aliyeshika daftari la foleni kwa miaka thelathini na saba, akiwajibu maprofesa, wakurugenzi na wake zao jibu lile lile, kwamba kuna watu mbele yako, ndipo wanafunzi wakambatiza jina la Mzee Foleni.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na wifi yangu, aliyechelewa kuvishwa pete kwa sababu bwana harusi aliiacha maabara ikisubiri kupimwa dhahabu yake, na walijaliwa watoto watatu, ambao wote wanajua kuandika jina kwenye daftari kabla ya kumwomba baba yao chochote.

Sasa nifike panaponihusu. Tarehe 3 Machi 2008 nilimpelekea chupa ya maji ya kisima changu, binti yangu wa miaka minne akiwa amekonda, anatapika, madaktari hawaoni kitu, na kaka yangu wa damu akanitazama, akafungua daftari, akaniandika namba sitini na moja, maana yake nisubiri hadi mwisho wa Mei. Nililia, nikamtukana mbele ya wanafunzi wake, na yeye akanijibu kwa upole kwamba hao sitini nao wana watoto. Majibu yalikuja tarehe 17 Aprili, maji yalikuwa na sumu ya madini ya risasi, kisima kikafungwa, mtoto akapona, na mimi nikamnunia kaka yangu miaka miwili mizima, sikumpigia simu wala sikukanyaga kwake.

Mwaka huu, tarehe 6 Julai, aligundulika kuwa na uvimbe kwenye utumbo, akapangiwa upasuaji tarehe 21 Novemba, na daktari bingwa, ambaye mawe ya figo ya wagonjwa wake yamepimwa maabara kwa miaka mingi, alitaka kumsogeza hadi Septemba. Jibu lake mnalijua. Tulimsihi, wifi yangu alipiga magoti, mimi nilipiga kelele wodini hadi nikatolewa nje, na yeye akauliza tu ni nani angeondolewa ili yeye aingie. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Novemba, saa kumi jioni, siku kumi na mbili kabla ya zamu yake. Aliyekuwa mbele yake tunaambiwa amepona, nasi tunamshukuru Mungu, ingawa shukrani hiyo leo inatoka kwa taabu.

Juzi wenzake waliniletea lile daftari ili ninakili tarehe za kazi, nikafungua Machi 2008, nikakuta wateja wawili kila siku ya kazi badala ya mmoja, asubuhi mmoja na jioni mmoja, kila mstari kwa mwandiko wake, na juu ya ukurasa ameandika kwamba yuko likizo, kumbe likizo yote aliimalizia kwenye mashine. Likizo hiyo wifi yangu, ambaye ameniruhusu kulisema, alidhani imeliwa na mwanamke mwingine, akanilalamikia, nami nikamwambia simshangai mtu yule kwa lolote. Hakunirukisha foleni, aliwamaliza wote sitini ili anifikie, na asiseme hata neno moja, siku zote zile nilizomnunia, jamani, angesema tu!

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wa maabara, ambao wamezima mashine leo, wateja wakasubiri.

Nisamehe, kaka. Sasa ni zamu yako, pumzika kwa amani.