Clifford Pargeter na Matangi Yake Mawili

Ndugu waombolezaji, naomba mketi, maana mmesimama vya kutosha na maisha ya Clifford hayakuwa mafupi. Familia imenipa mimi Leonard, shemeji yake, kuyasoma, na Noreen, mjane wake aliyekaa hapo mbele, ameniomba nisipambe kitu.

Marehemu Clifford Pargeter alizaliwa tarehe 11 Februari 1947 mjini Nuneaton, mtoto wa tatu wa mchimba makaa ya mawe, akasoma hapo hapo hadi mwaka 1962, alipoacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, akaingia kujifunza ufundi bati katika karakana ya mabasi huko Coventry, na humo akabaki miaka arobaini na saba, mpaka alipostaafu mwaka 2009, akiwa amechoka mgongo, magoti na maneno. Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na dada yangu Noreen katika kanisa hili hili la Kimethodisti, wakajaliwa binti mmoja, Gillian, aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1973, ambaye amefika jana kutoka Hull.

Mwaka 1988 alinunua gari la mwaka 1974, refu, la kijani, lenye matangi mawili ya petroli, moja kila ubavu wa nyuma, na kila Jumapili baada ya ibada alimtembeza Noreen ndani yake. Mwaka 2011 Noreen akapatwa na ugonjwa wa sikio la ndani, na tangu hapo mlio wa yale matangi, petroli ikichapa kwenye bati kila kona na pampu zikivuma, ukawa unamtia kizunguzungu hadi kutapika, akasema imetosha, atapanda basi. Clifford naye, kwa ukaidi wake, akawa anaendesha peke yake nyuma ya basi hilo, kituo hadi kituo, na aliwahi kuniambia kwamba hajapata kuwa mpweke namna ile. Alitaka jambo moja tu, mkewe arudi kuketi kando yake.

Mwaka 2013 alifungua bampa, akakuta matangi yameliwa na kutu, akaagiza mapya, na kwa kuwa kanisa letu lilikuwa linatupa kapeti lake, na sisi hapa hatuwezi kuona kitu kikitupwa, akayavika matangi kapeti hilo la sufu ili yanyamaze. Chama cha wenye magari ya zamani kilikuja kutazama, kikanywa chai, kikasema kazi ni safi sana, maana kwetu mtu hakosolewi gerejini mwake. Kapeti likanywa mvua ya misimu miwili, matangi mapya yakaoza, gari likanuka petroli, na Noreen hakupanda.

Alikaa miaka mitatu bila kuligusa, kisha akaanza upya kwa matangi mengine, pole pole, akipumzika kila baada ya boliti mbili, safari hii akibandika karatasi za lami alizozilainisha kwa draya ya nywele ya Noreen, akiweka sponji ya mpira isiyonywa maji, mpira mwingine chini ya mikanda ya chuma inayoyashika, na tundu la kutolea maji akaliacha wazi. Alimaliza Jumamosi, tarehe 22 Aprili 2023. Kesho yake baada ya ibada Noreen alipanda, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili, wakapita kona zote za njia ya Fillongley, naye Clifford akamuuliza anasikia nini.

"Nakusikia wewe, Cliff," Noreen akasema. "Kifua chako kinapiga filimbi. Tangu lini?"

Wakaenda hospitali. Madaktari walikuta makovu ya mapafu, ya miaka mingi, wakasema wangeyaona mapema zaidi wangempa muda. Noreen alimsindikiza hospitali mara kumi na nne, kila mara ndani ya gari hilo, hadi alipofariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, nyumbani.

Miongoni mwa waliosifu lile kapeti nilikuwemo mimi. Nimeezeka mapaa maisha yangu yote, najua sufu inavyoficha maji, nililiona na nikanyamaza kwa adabu. Ningesema, Noreen angepanda gari hilo miaka kumi mapema, na masikio yake yangekisikia kile kifua. Nimelibeba hilo, nimechoka nalo, na nimemwambia dada yangu kabla ya kuwaambia ninyi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliovumilia matangi kwenye majani ya mbele ya nyumba, na mafundi wenzake wa karakana waliolibeba jeneza leo.

Clifford, umestahili kupumzika, basi pumzika kwa amani. Noreen nitamrudisha nyumbani mimi, kwa gari lako, taratibu.