Arnold Barraclough, Aliyepima Kabla ya Kuchomeka

Familia ya Barraclough imemteua Enid, dada wa marehemu, asome maisha ya kaka yake mbele yenu, majirani, marafiki, na wanachama wa klabu ya kompyuta za zamani mliojaza safu za mbele kana kwamba mmezilipia, na kwa kuwa Enid tangu utoto wake hajui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, atasoma yote kama yalivyo, na ambaye hayatamkaa vizuri tumboni, chai iko tayari ukumbini na mlango haujafungwa.

Marehemu Arnold Barraclough alizaliwa tarehe 9 Februari 1948 hapa hapa Todmorden, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Walter, aliyekuwa fundi wa mashine kiwanda cha pamba, na mama Nellie, ambaye alikuwa na pua kali kiasi kwamba maziwa yaliyoanza kuharibika aliyatambua akiwa ngazini, na pua hiyo Arnold aliirithi nzima nzima, ikawa ndiyo kifaa chake cha kwanza cha kazi.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia mwaka 1953, kisha sekondari hadi Julai 1963, na hatutasema uongo kwamba aling'ara, kwa sababu hakung'ara, alikaa nyuma akifungua redio mbovu chini ya dawati, na mwalimu wake mmoja alimwambia mama kwamba mtoto huyu hana shida, ila anapoulizwa swali hujibu kwamba kwanza anataka kuhakikisha.

Mwaka huo huo aliajiriwa katika duka la kutengeneza televisheni, akakaa humo miaka mingi, hadi tarehe 4 Oktoba 1982 alipojiunga na kiwanda cha Hollin kule Halifax, kilichokuwa kikitengeneza kompyuta ya nyumbani iliyoitwa Hollin 32, ile ya rangi ya maziwa ambayo wengi wenu mnaipenda kuliko wake zenu, na yeye akawekwa chumba cha marejesho, ambako wateja walirudisha mashine zilizokufa. Huko ndiko alikogundua kwamba mashine zenyewe hazikuwa na kosa, bali adapta zake za kuletea umeme, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kidude cha kushusha umeme hadi volti tano, ambazo ndizo chakula cha kompyuta, na kidude hicho kilipozidiwa na joto hakikuzima kistaarabu, kiliachia umeme wote upite, na chipu za kumbukumbu zikakaangika. Arnold aliwaeleza wakubwa kwamba adapta itobolewe matundu ipumue, wakubwa wakamshukuru sana, wakaagiza imwagiwe ndani gundi nyeusi inayoganda kama jiwe ili asiwepo fundi mwingine wa kuifungua na kuona aibu yao, na joto likazidi. Siku alipoliona pipa la gundi ile alirudi nyumbani bila kula chakula chake cha mchana, na mwezi uliofuata akaacha kazi, akarudi kwenye televisheni hadi alipostaafu mwaka 2008.

Marehemu alifunga ndoa na Bi Maureen Stansfield katika kanisa hili siku ya Jumamosi tarehe 14 Juni 1975, wakajaliwa mtoto mmoja, Lorna, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1979, ambaye ni yule pale aliyevaa koti la kijani kwa sababu baba yake alichukia nguo nyeusi, na Maureen alipotangulia mbele ya haki mwaka 2009, Enid alihamia nyumbani kwa kaka yake ili asije akafa kwa kula maharage ya kopo.

Enid anaomba aseme hapa alichokikuta, kwa sababu katika mazishi watu husifiwa usafi ambao hawakuwa nao. Alikuta meza ya jikoni imejaa Hollin za watu, zimetumwa kutoka kila upande wa nchi, nyingine zimetoka kwenye mabanda ambako panya walizaa ndani yake na mkojo wao ukala njia za shaba, nyingine zimetoka kwa wavuta sigara, zimevaa utandu wa njano unaonata kidoleni, nyingine kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji, zimevuja na kunuka samaki wa juzi, na chini ya vitufe kulikuwa na nywele, makombo ya viazi vya kukaanga, na mara moja ukucha wa dole gumba, mzima. Karibu kila boksi lilikuja na neno moja la muuzaji, kwamba mashine hii haijajaribiwa, na kila aliyemo katika mchezo huo anajua maana yake, kwamba jamaa aliijaribu, akaona moshi, akaipangusa na kitambaa, akaiuza kwa mwenzake huku akitabasamu. Arnold alisema kwamba panya hakumkera, panya hajifanyi, kilichomkera ni lile neno.

Namna yake ya kufanya kazi wengi wenu mliifundishwa naye bure, jioni za Alhamisi, ukumbi wa nyuma wa kanisa hili, lakini tuirudie kwa wenye kusahau. Kwanza hakuchomeka kitu. Aliinusa mashine, akaifungua, akaitazama, akaiweka kando kama mgonjwa anayesubiri, kisha akaichukua adapta peke yake, akaifunga taa ya gari ili ibebe mzigo, akaiacha iwake saa nzima mpaka ipate joto, na hapo ndipo alipopima volti, kwa sababu adapta ya gundi ikiwa baridi na haibebi kitu husoma tano safi, kama mtu anayejisifu nguvu kabla hajatwishwa gunia, na baada ya saa nzima ndipo unapomjua. Zilizoshindwa, yaani karibu zote, alizikataa, akamtengenezea kila mtu adapta mpya yenye fyuzi inayokata umeme ukipanda, na kila aliyeipokea aliambiwa sentensi ile ile, kwamba ile ya zamani isichomekwe tena hata kwa mzaha.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo familia imelijadili kwa kirefu kama lisomwe au lisisomwe, na familia imeamua lisomwe.

Katika mji huu kulikuwa na Hollin ya kwanza kabisa, iliyounganishwa kwa mkono na marehemu Bwana Hoyle aliyeibuni, na mjane wake, Bi Rosalind Hoyle, aliyekaa dirishani pale, aliitunza chumbani kwake, akamkabidhi Arnold aifufue, na Arnold akaifufua kwa miezi minne, akairudisha ikiwa na adapta mpya. Tarehe 14 Mei 2022 klabu ilifanya maonyesho hapa mjini, mwenyekiti wake akiwa Bwana Desmond Thewlis, aliyewahi kuuza vigae vya bafuni na sasa anakusanya kompyuta, mtu wa ugonjwa ule wa wakusanyaji, kwamba kila kitu kiwe cha asili, skrubu ya asili, kibandiko cha asili, hata vumbi angelitaka la asili, na mashine ya Bi Hoyle ikawashwa asubuhi mbele ya watu, ikafanya kazi vizuri, na baada ya chakula cha mchana, Arnold akiwa kwenye foleni ya pai, ikatoa moshi na kufa, chipu za kumbukumbu zote zimeungua.

Bwana Thewlis alisimama juu ya kiti akawatangazia watu kwamba adapta ya Arnold ndiyo iliyoiua mashine. Arnold aliiomba adapta yake, akaipata ndani ya boksi, fyuzi nzima, waya umekunjwa vilevile alivyoukunja yeye, akasema kwa upole kwamba hii haikuchomekwa leo, kwa hiyo ilichomekwa nyingine, na Bwana Thewlis akala yamini kwamba hapakuwa na nyingine. Wengine waliangua kicheko, mmoja akatamka maneno ambayo Arnold aliyarudia mezani kwetu mara nyingi kuliko alivyopenda.

"Mzee, macho yamekwisha, pumzika sasa, tuachie vijana."

Alhamisi iliyofuata mlinyoosha mikono, ninyi mliokaa mbele hapa, mkakata shauri kwamba Arnold Barraclough asiguse tena mashine ya mwanachama yeyote, kisha mkanywa chai. Baada ya siku hiyo maboksi yaliacha kuja, Bi Hoyle akawa anavuka barabara asikutane naye, na mtu aliyewafundisha nusu yenu kushika pasi ya kuchomelea nyaya akawa anakaa jikoni mbele ya meza tupu, ambayo Enid alikuwa ameitamani kwa miaka kumi na miwili, na alipoipata ilimchukiza kuliko ukucha wa dole gumba. Hakutaka kurudishwa katika klabu, alitaka jambo moja tu, kwamba jina lake lisafishwe mbele ya watu wale wale, na hasa mbele ya Bi Hoyle.

Mwezi Oktoba mwaka huo alianza kukohoa, madaktari wakakuta mapafu yake yamekakamaa, na kufikia Februari 2024 alikuwa amelazwa akipumua kwa mrija wa puani. Huko ndiko Bwana Thewlis alikomtembelea, na tungependa kusema alikuja kumjulia hali, lakini alikuja na zabibu katika mkono mmoja na Hollin katika mkono mwingine, imefungwa mfuko wa plastiki, akaitua juu ya meza ya mgonjwa kando ya bakuli la kastadi, ikinuka banda, akasema inawaka na kuzimika, hajui la kufanya, na wale vijana wake nao hawajui. Enid alikuwa kitini akimenya chungwa, naye Bwana Thewlis hakumwona kuwa ni mtu, alimwona kama sehemu ya kiti. Enid alikusudia kumtupia mfuko ule dirishani, Arnold akamzuia kwa kidole, akavuta pumzi moja juu ya mashine, akasema kapasita imevuja, iko karibu na swichi, ibadilishwe. Kisha akauliza.

"Desmond, siku ile ulichomeka adapta gani?"

Bwana Thewlis alitazama mlango, akatazama mrija, na yaonekana alipiga hesabu kwamba mtu aliye katika hali ile hatasema na yeyote.

"Ile ya asili, Arnold. Watu walitaka kuona vitu vya asili. Asubuhi niliipima, ikasoma tano."

"Uliipima na mzigo?"

"Hapana."

"Ikiwa ya moto?"

"Hapana, ndugu yangu. Nilikuwa na haraka."

Arnold hakupandisha sauti, hata angetaka hakuwa na pumzi hiyo, alimwambia kwamba yale aliyoyasema mbele ya watu ayafute mbele ya watu, na Bi Hoyle amwendee mwenyewe, na Bwana Thewlis akamshika mkono, akaahidi kwamba kikao cha Alhamisi tarehe 7 Machi hakitapita kabla hajafanya hivyo, akachukua Hollin yake, na zabibu akazisahau mkononi, akaondoka nazo.

Tarehe 7 Machi Arnold alimwomba muuguzi amkalishe, akachanwa nywele, simu ikawekwa kifuani, akangoja. Kesho yake asubuhi Enid aliupigia simu ukumbi, akaambiwa kikao kilikwenda vizuri, walizungumzia safari ya kiangazi na birika jipya. Enid alifikiria kumdanganya kaka yake, akashindwa, kwa sababu pua ile ingejua, akamwambia kweli, naye akageukia ukutani, na Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa nne asubuhi, Lorna akiwa amemshika mkono, aliaga dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, waliomkalisha na kumlaza bila kuchoka, inawashukuru majirani wa mtaa wa Cross Stone walioleta supu na kuondoka bila kungoja kusifiwa, inawashukuru wenzake wa duka la televisheni, wawili waliobaki, waliokuja kwa basi mvuani, na inamshukuru mpiga kinanda, ambaye ameombwa asianze wimbo mpaka Enid atakapomwinamishia kichwa.

Mwisho, Bwana Desmond Thewlis, aliyekaa safu ya pili na tai ya klabu, alituma ombi kwa familia kwamba awe mmoja wa watakaombeba marehemu, akasema itakuwa heshima kwake. Familia imelipokea ombi hilo. Mbele ya Bi Hoyle na mbele ya wote walionyoosha mikono, nafasi ya bega la nyuma upande wa kushoto wa jeneza imeachwa wazi, na Enid akishakunja karatasi hii kanisa litakaa kimya kwa muda ambao Bwana Thewlis atauhitaji kusimama na kusema ni adapta gani aliyoichomeka. Akisema, ashike nafasi yake na ambebe rafiki yake. Akinyamaza, Lorna ameshavua viatu vyake vya visigino virefu, na bega lake liko tayari.

Pumzika, Arnold, kaka yetu, tunakuja kukubeba.