Mwanamke wa Pembeni mwa Picha

Mheshimiwa Meya Si Mokrane, wazee wa baraza la kijiji, wageni mliotuletea picha hii kutoka mjini, ndugu zangu, na nyinyi kina mama mliojibanza kule nyuma: salamu kwenu nyote.

Nimeambiwa nishukuru kwa niaba ya wanawake. Shule nilipita mlangoni tu, basi mnivumilie. Nashukuru. Picha ni kubwa, rangi yake ya mafuta inang'aa, na askari wa Kifaransa wanavuka daraja letu la mlimani, katika vita vile ambamo babu zetu waliwaporomoshea mawe, na nguo zao kama zimetoka kwenye pasi. Jamani, nani kati yetu amewahi kuvuka daraja lile asipate tope?

Lakini askari si shida yangu. Shida yangu ni yule mwanamke wa pembeni, anayemnywesha afisa wao maji huku akitabasamu. Tangu picha ifike mnanong'ona juu yangu: "Chemchemi ile ilikuwa ya nani? Si ya Tasadit, bibi yake mzaa mama? Basi ndiye huyo." Na wewe Lalla Ferruja, uliyekaa hapo mbele, ambaye mwanao alikuwa amuoe binti yangu Wiza, ulikuja kwangu ukakataa hata kahawa.

"Dada, tungoje kidogo. Mizeituni mwaka huu haikuzaa."

Nikakuuliza, "Kwani mizeituni ndiyo inayooa?"

Ukatazama viatu vyako. Tangu siku hiyo mtoto wangu hali, na mimi silali.

Sasa mtazameni vizuri mwanamke huyo. Bizimu lake la fedha, lile pambo la kubania vazi, liko wapi? Kwenye paji la uso. Haya, kina mama, hapa kwetu nani huvaa bizimu kwenye paji? Aliyezaa mwana wa kiume. Na Tasadit alizaa nini? Mabinti watupu, mpaka mumewe akamletea mke mwenza, na bibi zenu wakamtungia nyimbo za kumcheka harusini. Nyimbo hizo mnazijua hadi leo; wewe Ferruja unaziimba kuwashinda wote. Alikufa bizimu lake likiwa kifuani. Mchoraji kalipandisha juu kwa sababu huko linapendeza. Huyo hata mlima wetu sijui kama aliuona.

Na mlijua. Wanaume nawasamehe, wao bizimu hulitazama siku ya kulinunua tu. Lakini nyinyi mlijua mkanyamaza, maana umbeya kwenu ni mtamu kuliko tini.

Meya, picha iache ukutani, haikumsema mtu. Alhamisi napika kuskusi. Ferruja, ukija, njoo na mwanao, useme mbele ya binti yangu kwamba mlimsingizia Tasadit. Lakini jiandae, kwa sababu jana Wiza aliniuliza: "Mama, watu wanaoamini ukuta kuliko wanachokijua wenyewe, nitaishije nao?" Nikamwambia jibu lake akuombe wewe. Huenda wewe unalo.

Nawashukuru kwa kunitegea masikio. Na mliokuwa mkikohoa, nawashukuru pia.